Kanga ya Kufutia Jasho

Mfaume, mshenga wa harusi, alikunywa kikombe cha kwanza cha chai ya rangi, akanywa cha pili, akaisifu mvua ya vuli, akaisifu mihogo iliyokuwa nyuma ya nyumba, na bado alikuwa hajasema neno lililomtoa Mkuza hadi Vihingo siku ambayo hakutazamiwa. Mwanakheri, mwenye nyumba, alikuwa ameketi karibu na mlango wa uani, kanga ameivuta mpaka puani. Alijua kwamba mtu anayesifu mihogo ya mwenzake kwa muda mrefu namna ile ana jambo linalomkwama kooni.

Harusi ilikuwa juma lililofuata. Binti yake Zubeda, mwalimu wa shule ya msingi huko Kibaha, alikuwa akiolewa na Mbaraka, karani wa ofisi moja ya mjini hapohapo. Mahari ilikwisha kupokewa. Mchele ulikwisha kupatikana, na katika mwaka ule wa themanini na mbili mtu aliyepata mchele wa harusi alikuwa na haki ya kutembea kifua mbele. Hata nyumba ilikuwa bado na chokaa usoni, ile waliyoipaka walipoambiwa kijiji kitatembelewa na mgeni kutoka wilayani: upande wa barabarani tu, kwa kuwa chokaa haikutosha, na mgeni mwenyewe hakushuka garini.

"Bi Mwanahalima anawasalimu sana," alisema Mfaume mwishowe. Bi Mwanahalima alikuwa mama yake Mbaraka. "Anasema, kwa vile dada yangu Mwanakheri hajisikii vizuri siku hizi, haitakuwa vibaya siku hiyo akipumzika ndani. Mdogo wake Zena yupo. Zena anaweza kukaa kwenye mkeka wa wakwe kwa niaba yake."

"Nani kasema sijisikii vizuri?" aliuliza Mwanakheri.

Mfaume alikitazama kikombe chake kama kwamba jibu limezama humo. Alisema kwamba watu wana maneno. Alisema kuna mama mmoja wa Mkuza alimwona Mwanakheri pale Mlandizi akiuza korosho, upepo ukaipeperusha kanga, akauona uso. Mama huyo akafika kwao akaeleza mambo ya ngozi. Ugonjwa wenyewe Mfaume hakuutaja jina, wala hakuhitaji. Kulikuwa na ugonjwa mmoja tu wa ngozi ambao watu waliusema kwa kutotaja jina lake.

Mwanakheri alimgeukia mumewe. Mzee Isihaka alikuwa mtu wa maneno machache hata siku za furaha, na siku hiyo alisema machache zaidi. "Uso ni wake," alisema. "Atajibu mwenyewe."

Kwa kitambo Mwanakheri alihisi kama ameachwa peke yake katikati ya barabara. Kisha akauona mkono wa mumewe: chai ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo juu ya vidole vyake, naye haoni. Akajua kwamba mzee anaogopa kufungua kinywa asije akamfukuza mgeni.

Mwanakheri aliishusha kanga. "Nitazame, kaka Mfaume."

Mfaume alitazama sakafu.

"Haya, usitazame. Wapelekee salamu zangu. Waambie mkeka huo ni wangu na nitakaa mwenyewe. Zena atakuwa jikoni, maana pilau nayo inataka mtu wa kuikalia."

*

Uso huo aliuogopa hata yeye. Aliujua kwa kuupapasa zaidi ya kuutazama, maana kioo cha nyumba alikwisha kukigeuza kikaangalia ukuta.

Ilikuwa ni korosho. Tangu Zubeda alipochaguliwa kwenda sekondari, kila msimu Mwanakheri na wanawake wenzake walichoma korosho uani juu ya bati lililotobolewa na misumari. Maganda yakipata moto hutoa utomvu mweusi unaowaka, na moshi wake unamfuata mtu popote anapokimbilia. Kisha wanakaa chini kubangua, ganda moja moja, kwa jiwe. Mikono waliipaka majivu ili utomvu usiwaunguze. Uso hakuna aliyeupaka majivu, na mtu akijisahau akafuta jasho kwa kiganja, basi amejichoma. Shule ilikuwa ya bure, lakini nauli haikuwa ya bure, wala sanduku, wala shuka, wala viatu vyeusi alivyotakiwa Zubeda kuwa navyo. Mwaka huu Mwanakheri alibangua kuliko miaka yote kwa ajili ya harusi, na uso ukamgeuka. Mashavu yalikuwa meusi kama masizi, yakakauka, yakabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake ikatoka ngozi changa ya waridi isiyotaka jua. Paji la uso tu ndilo lililobaki na rangi aliyozaliwa nayo.

Mganga wa zahanati alikwisha kumwambia wazi kwamba ni kuungua, na kwamba ngozi itarudi yenyewe akiacha moshi na kupaka mafuta. Lakini maneno ya mganga yaliishia zahanati. Ya yule mama wa Mkuza yalikuwa yamepanda lori.

Zubeda alipofika nyumbani kuingia ndani kama ilivyompasa bibi harusi, alifuatana na mwalimu mwenzake, Adventina, msichana wa Bukoba mwenye sauti ya kuamuru darasa zima. Zubeda aliposikia ujumbe wa Mfaume alivua viatu, akaketi chini, akasema basi hakuna harusi. Mama yake asipokaa mkekani, yeye haolewi.

"Usiniletee maigizo ya shuleni," alisema Mwanakheri. "Utaolewa, na nitakaa. Nimekwisha kuwajibu." Kisha sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo Zubeda hakuwahi kuisikia kwa mama yake. "Ila nisaidieni jambo moja. Nisikae nao huku wananihesabia mabaka."

Adventina alifungua mkoba wake akatoa kijichupa chenye kifuniko cha dhahabu. Binamu yake, nesi aliyekwenda kusoma Ulaya, alikuwa amemletea. Alisema inaitwa fondesheni, na kwamba wanawake wa huko huipaka chini ya poda, uso wote unakuwa na rangi moja.

"Rangi ya nani?" aliuliza Mwanakheri.

Lilikuwa swali zuri kuliko walivyodhani. Adventina alimpaka kama alivyojipaka mwenyewe siku za sherehe, kwa kiganja, kuanzia kidevuni kwenda juu, haraka haraka. Kioo kilipogeuzwa, wote watatu walisogea kutazama. Rangi ilikuwa imeganda juu ya kila kibandiko cha ngozi kavu, ikakisimamisha. Pembeni mwa kinywa ilipasuka mistari kama udongo wa bwawa lililokauka. Na ilikuwa na ujivujivu, rangi isiyokuwa ya mtu yeyote wa pwani wala wa bara.

"Nimefanana na muhogo uliomenywa jana," alisema Mwanakheri.

"Mama, usicheke kwanza, inapasuka."

"Nisicheke siku ya harusi ya mwanangu? Rangi isiyonipa ruhusa ya kucheka mimi siitaki."

Adventina aliona haya, lakini hakuwa mtu wa kushindwa na chupa. Aliuosha uso ule kwa maji ya uvuguvugu, akaushika kwa vidole kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Akasema kosa ni lake. Ngozi hii ina kiu, na yeye ameipa rangi kabla ya kuipa maji. Yanatakiwa mafuta kwanza.

Lakini mafuta yenyewe ndiyo yaliyokuwa shida. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na mwenye duka. Sabuni na mafuta vilikuja kama wageni wakubwa: vilipokewa kwa msongamano na kesho yake vimekwisha kuondoka. Zena, mdogo wake Mwanakheri, alikwenda nyumba hadi nyumba na kikombe, akarudi na kikombe.

Siku hiyo alasiri Mwanakheri alisikia mlio uani, mlio wa mbuzi ya nazi, na hakukuwa na mwanamke yeyote uani. Akachungulia. Mzee Isihaka alikuwa ameikalia mbuzi miguu ameitanua, kofia kichwani, anakuna nazi. Alikuna vibaya, vipande vikubwa vikubwa, na alikuwa amegeukia ukuta ili wapita njia wasimwone. Jirani mmoja alimwona hata hivyo, akapaza sauti kuuliza kama leo mzee ndiye anayepika.

"Ndiyo," alisema Isihaka bila kugeuka. "Leta na nazi zako."

Mwanakheri alirudi ndani. Tui lilichemshwa mpaka maji yakakauka na mafuta yakabaki juu, safi, yenye harufu ya nyumba ya kwao alipokuwa mtoto.

*

Mara ya pili mafuta yalizidi. Rangi iliteleza ikakusanyika shingoni, na Zena, ambaye hakuwa na huruma ya kuficha mambo, alisema dada yake anayeyuka. Mara ya tatu Adventina alikwenda polepole. Aliloweka kitambaa katika maji ya moto, akakiweka usoni mpaka magamba yakalainika. Akachukua liwa, ule mti wa manukato, iliyokuwa imesagwa kwa ajili ya bibi harusi, akayasugua magamba kwa ncha ya kidole, yale tu yaliyokubali kutoka. Akapaka mafuta, kisha akakataza mtu yeyote kumgusa mama. Waliketi wakimenya vitunguu saumu hadi ngozi ilipoyanywa mafuta yote. Yaliyobaki juu akayafuta.

Ndipo akachukua sahani, akaigeuza, na juu ya kitako chake akachanganya fondesheni na wanja kidogo, akachanganya tena, akalinganisha na paji la uso la Mwanakheri. Hakupaka uso wote. Aligusa tu palipokuwa na waridi na palipokuwa na masizi, kwa kubonyeza, bonyeza, bonyeza, kama mtu anayeziba nyufa za mtungi na hataki ijulikane kwamba uliwahi kupasuka.

"Sasa mchekesheni," aliamuru.

Zena ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alisimulia jinsi shemeji yake alivyokuna nazi, akaiga kofia, akaiga miguu, akaiga namna alivyopuliza kidole alipojikwaruza. Mwanakheri alicheka mpaka akashika ubavu. Adventina alisogeza taa ya chemli karibu na shavu, akatazama kwa muda mrefu.

"Haijapasuka," alisema.

Kioo kililetwa. Mwanakheri alijiona. Hakumwona msichana, wala hakumwona mke wa mkubwa fulani. Aliona uso wake ulivyokuwa kabla ya msimu huu, uso aliokuwa amekwisha kuuaga. Alikishika kioo kwa mikono yote miwili na hakukirudisha hadi Zubeda alipokichukua.

Ila ngozi ile ilikuwa hai na ilikuwa na safari yake. Siku mbili baadaye waridi lilikuwa limeanza kuwa kahawia, na mchanganyiko uliobaki kwenye sahani haukulingana nalo tena. Adventina alichanganya upya. Kesho yake akachanganya tena. Zubeda, aliyekuwa amekaa kando na hina miguuni, alisema kwa mzaha kwamba watu watadhani bibi harusi ni mama. Kisha akasema bila mzaha, "Kama ningejua viatu vile vinatoka wapi, mama, ningekwenda shule miguu mitupu."

"Ndiyo maana hukuambiwa," alijibu Mwanakheri.

*

Asubuhi ya harusi ilikuwa kavu na yenye jua. Uso ulikubali rangi kuliko siku zote. Mwanakheri alikuwa amevaa gauni la bluu, ushungi mweupe begani, na aliposimama katikati ya chumba Zubeda alitaka kulia, Adventina akamtishia kwa brashi ya poda. Lori la wakwe lilikuwa limekwisha kusikika likibadilisha gia kwenye mchanga wa bondeni, na ngoma juu yake.

Zena aliingia mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. Alimwona dada yake, akafungua kinywa kupiga kigelegele, na kigelegele hakikutoka.

"Dada," alisema. "Na kufutwa jasho?"

Adventina alimtazama Zubeda, Zubeda akamtazama mama yake.

Kwao ndoa haikuhesabika kuwa imetimia kwa khutba ya shehe peke yake. Wanaume wakimaliza yao barazani, mama wa bwana harusi huja kwenye mkeka wa wakwe na kanga mpya isiyowahi kuguswa na maji, akamfuta nayo uso mama wa bibi harusi. Humfuta jasho la kulea. Kisha kanga hiyo humwachia iwe yake, na tangu hapo wao ni ndugu. Zubeda aliyekulia mabwenini alikuwa ameliona jambo hilo mara mbili tatu utotoni. Adventina wa Bukoba hakuwahi kulisikia. Na Mwanakheri, ambaye mwenyewe alikuwa amesimamia mikeka ya watu wengi, kwa siku zote hizo alifikiria namna ya kuonekana, hakufikiria kwamba ataguswa.

"Tuitoe," alisema Adventina. "Kuna muda."

"Hakuna," alisema Zena. Lori lilikuwa limezima.

Zubeda alishika mkono wa mama yake. Alisema kwa haraka kwamba Zena avae ushungi akakae yeye, waseme mama amepatwa na kizunguzungu, jua ni kali, nani atabisha. Yeye hatajali tena, mradi mama yake asidharauliwe mbele ya lori zima.

Mwanakheri alikuwa kama anamsikiliza, kumbe anasikiliza ngoma. "Siku ile uliapa hutaolewa nisipokaa," alisema.

"Siku ile sikufikiria hili."

"Wala mimi." Aliutengeneza ushungi wake. "Nitainamisha kichwa. Atafuta shingo. Wapo wanaofuta shingo."

*

Mkeka ulikuwa umetandikwa kivulini, upande wa nyumba wenye chokaa. Wanawake wa Vihingo walikaa upande mmoja na wanawake wa Mkuza upande mwingine, wakipimana kwa nguo na kwa mashairi ya kuchokozana. Mwanakheri alipotoka, vigelegele vya upande wa kwao vilipanda. Upande wa pili ulikuwa na minong'ono, na aliijua. Walikuwa wanautazama uso wake na hawakukiona walichoahidiwa. Yule mama aliyemwona Mlandizi alikuwa ameketi mstari wa mbele, amenyoosha shingo, ameanza kuonekana mwongo.

Mwanakheri aliketi, mgongo umenyooka. Alikuwa na raha aliyokuwa hajaionja kwa miezi, raha ya kutazamwa na mtu asitake kukimbia.

Barazani sauti ya shehe ilikoma, wanaume wakaitikia, na Bi Mwanahalima akainuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani, mwendo wake wa mtu aliyezoea kupishwa. Alikuja na kanga nyeupe yenye maua mekundu pembezoni, bado imekakamaa kwa wanga wa kiwandani. Aliishika kwa ncha za vidole. Mwanakheri aliviona vidole vile. Viliishika kanga mbali, kama mtu anayeshika sufuria la moto, ili kiganja kisije kikagusa ngozi ya mtu mwingine.

Alikuwa ameanza kuinamisha kichwa. Shingo ilikuwa tayari. Aliitazama mikono yake mapajani, mikono ambayo hakuna aliyekumbuka kuipaka rangi, vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Akainua macho kidogo, akaona upande wa kwao wenzake waliobangua naye, wote wameificha mikono yao chini ya kanga kwa ajili ya wageni. Akamwona binti yake mlangoni, mwalimu, aliyetoa kichwa nje kinyume cha desturi.

Jasho analokuja kufutwa lilikuwa lipi basi, kama si hilo?

Mwanakheri aliinua uso. Aliuinua wote, akauelekeza juani, akafumba macho kama mtoto anayengoja kuoshwa.

Kanga ilipita shavuni. Iliponyanyuliwa, ilikuwa na doa refu la kahawia, na shavu lilikuwa na rangi zake zote.

Mkuza nzima ilivuta pumzi. "Si niliwaambia," ilisema sauti ya mstari wa mbele, na nyuma yake, chinichini, neno ambalo Mfaume hakulitaja likatajwa. Bi Mwanahalima alibaki na kanga hewani.

Mwanakheri alifumbua macho. Hakupaza sauti. "Ni korosho, mkwe mwenzangu," alisema. "Nimezichoma na kuzibangua tangu huyu mwanao mpya alipoanza sekondari. Moshi wake unaunguza. Muulize mama yeyote aliyekaa upande huu akuonyeshe mikono." Akaona kanga bado iko hewani. "Na umefuta upande mmoja. Futa na wa pili, nisikae kama nyumba hii, chokaa upande wa barabarani tu."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mwanamke wa Vihingo, kisha wa pili, kisha upande wote, maana kila mmoja wao alikuwa na nyumba ya namna ile. Mikono ikaanza kutoka chini ya kanga, mmoja hapa, mwingine pale, myeusi, yenye makovu. Wengine hawakuitoa, na hakuna aliyewalazimisha.

Bi Mwanahalima hakucheka. Alivua miwani, akapiga goti kwenye mkeka, kiumri akiwa mkubwa kuliko mwenziwe. Alifuta shavu la pili. Kisha akaitupia kanga begani mwake mwenyewe, na kwa kiganja kitupu akapitisha mkono kwenye uso ule, juu mpaka chini, mbele ya watu wote wa lori lake.

"Inauma?" aliuliza.

"Ikikauka tu."

"Nitakuletea mafuta."

"Mafuta ninayo. Mume wangu ananikunia." Mwanakheri alitabasamu. "Lete sabuni."

Hapo Bi Mwanahalima akacheka, cheko la ghafla lililomshangaza hata mwenyewe, na vigelegele vikatoka pande zote mbili za mkeka. Hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Lakini alipoinuka alimpita yule mama wa mstari wa mbele, akamwambia ampishe, akaketi mahali pake, karibu kabisa na Mwanakheri, bega kwa bega.

*

Mpiga picha, kijana aitwaye Leodegar mwenye studio ndogo Kibaha, alikuwa amebakiwa na filamu kidogo, na alikwisha kutangaza kwamba hapotezi hata moja. Aliwapanga wakwe mbele ya ukuta. Alimtazama Mwanakheri, akakohoa, akauliza kwa adabu kama mama angependa apewe nafasi akapakwe tena. Alisema atangoja.

Adventina alikuwa na kijichupa mkononi tayari.

"Imebaki?" aliuliza Mwanakheri.

"Imebaki, mama. Inatosha."

"Mpake Zena basi. Wote walitaka akae mahali pangu, mpaka mwanangu." Zena akafuta mikono yenye mafuta ya pilau, akaleta uso wake mbio, na watu wakacheka tena. Zubeda pale mlangoni alijificha nyuma ya ushungi wake. Mama yake alimwona, akamkonyeza.

Bi Mwanahalima alitaka kuikunja kanga ili doa liingie ndani. Mwanakheri aliichukua mikononi mwake. Ilikuwa yake sasa. Alijitanda nayo doa likiwa nje, akaweka mikono juu ya magoti, vidole vimenyooka, akamwambia mumewe asogee karibu kwa kuwa hapigwi picha mtu aliyeegemea mlango. Mzee Isihaka alisogea. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Piga," alisema Mwanakheri.

Picha hiyo haikuwa na rangi. Ilipokuja kutundikwa sebuleni Mkuza, doa la kanga lilionekana kama ua moja zaidi, na wageni wengi hawakulitambua. Uso wa Mwanakheri waliutambua wote, pale katikati, na mabaka yake yote matupu, unawatazama. Wageni walipouliza, Bi Mwanahalima alikuwa akishusha miwani na kujibu kabla mtu mwingine hajawahi.

"Huyo ndiye mkwe mwenzangu," alikuwa akisema. "Hiyo ni korosho."